Ughaibuni Hakuna Mshenga: Mapenzi, Ridhaa na Afya kwa Mwanafunzi Anayekwenda Uingereza

Kila Septemba vijana wetu hupanda ndege Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe kwenda kusoma Uingereza, na vichwa vyao vimejaa ushauri: nunua koti zito, fungua akaunti ya benki, usikose vipindi, usisahau kusali. Kuhusu mapenzi, wengi huambiwa "ujitunze", kisha mazungumzo yanahamia kwenye uzito wa mizigo. Ushauri huo haumwambii msichana afanye nini kondomu ikipasuka saa nane za usiku mjini Leeds. Wala haumwambii mvulana kwamba kile alichozoea kukiita kubembeleza kinaweza kumfikisha mahakamani.

Nyumbani mambo haya yana watu wake. Yupo mshenga wa kupeleka posa, yupo somo au kungwi wa kufunda, yupo shangazi wa kukuvuta pembeni na kukwambia kwamba yule kijana hakufai, na wapo majirani ambao macho yao pekee yanatosha kumrudisha mtu njiani. Ukifika Manchester au Coventry unapewa ufunguo wa chumba chako, na hakuna atakayekuuliza umerudi saa ngapi. Kazi ya watu wote wale inakuwa yako: kusema unachotaka, kukataa usichotaka, kumuuliza mwenzako, kumweleza muuguzi bila kuficha. Nayaandika haya kwa wanaotafuta mpenzi na kwa walioamua kusubiri ndoa pia. Tena huyu anayesubiri anayahitaji zaidi, kwa sababu yeye ndiye atakayelazimika kukataa mara nyingi.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaijua kwa kusikia. England na Wales zinafuata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2003. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao, ingawa kiini ni kilekile. Kifungu cha 74 kinasema mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kwa hiyo kukubali peke yake hakutoshi. Aliyekubali kwa kutishwa hakuwa na uhuru, na aliyelewa hadi hajui yuko wapi hakuwa na uwezo. Umri wa kuridhia ni miaka 16, lakini picha za utupu za mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kuzipiga, kuzihifadhi au kuzituma, hata kama mwenyewe alizipiga kwa furaha.

Sasa tuje kwenye malezi yetu. Bado tunawalea vijana kwa imani kwamba msichana mwenye adabu hakubali upesi. Atasema hapana ya kwanza, atatazama chini, atachorachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mvulana naye amefundishwa na wenzake kijiweni kwamba hiyo ni dalili njema, akaze buti. Wapo hata wanaoleta hoja ya dini, kwamba ukimya wa mwanamwali anapoulizwa kuhusu mchumba ndiyo idhini yake. Hilo ni suala la posa, mbele ya walii na mashahidi, mchana kweupe. Halikuwahi kuwa ruhusa ya mtu yeyote kumvua msichana nguo chumbani saa saba za usiku.

Mdogo wangu wa kiume, chukua hili kama lilivyo: hapana ya kwanza ndiyo jibu. Usiirudie kwa sauti laini, usiizungukie kwa zawadi, usingoje alewe uulize tena. Na usisubiri neno hapana pekee. Waingereza wenyewe hukataa kwa upole mno. Ukisikia "labda", "sijui", "ngoja kwanza", au ukiona mtu amenyamaza, amekakamaa, anatazama ukuta, ujue hujaruhusiwa. Mwili ukiingiwa na hofu huganda, na wengi waliobakwa hawakupiga kelele wala kupigana. Uliza kwa maneno: "Niendelee?" "Unataka hivi?" "Tuishie hapa?" Nimesikia vijana wakisema maswali hayo yanaua raha. Ukweli ni kwamba mtu anayekutaka hachoki kukujibu, na asiyekutaka unakuwa umemfungulia mlango wa kutoka. Mtu akibadilisha mawazo katikati, mnasimama hapohapo. Kukubali kubusiana hakumaanishi amekubali mengine, na jana si leo.

Mdogo wangu wa kike, nawe una la kujifunza. Sisi hukataa kwa kuzunguka: "Leo nimechoka." "Kesho nina mtihani." "Tutaona." Mtu wa kwetu akitaka kuelewa ataelewa. Lakini mwenzako aliyekulia Seoul au São Paulo anaweza kusikia kwamba umeahirisha tu. Zoea kusema sentensi fupi isiyo na sababu: "Hapana, sitaki." Sababu ukiitoa, mtu ataijibu. Umechoka, atasema mpumzike pamoja. Una mtihani, atasema hatakuchelewesha. Hapana isiyo na sababu haina pa kushikwa. Ifanyie mazoezi kwa sauti, kwa Kiingereza, ukiwa peke yako, maana ulimi hukwama katika lugha ya watu hasa mtu anapoogopa. Nisisitize: ukishindwa kuisema, kosa linabaki kwa aliyekulazimisha, si kwako.

Pombe inahitaji neno lake. Wiki ya kwanza ya chuo kumejaa sherehe, na wengi wanaotoka kwenye nyumba zisizonywa huonja hapo kwa mara ya kwanza, bila kujua kiwango chao. Kinywaji chako usikiache mezani ukaenda kucheza. Kikibaki nyuma, mwaga, nunua kingine. Njooni pamoja, ondokeni pamoja. Rafiki akianza kulegea ghafla kuliko alichokunywa, usimwache na mtu anayejitolea "kumfikisha". Na ikiwa wewe ndiye unayemtaka mtu aliyelewa hadi hawezi kusimama, mpe maji, mtafutie rafiki zake, nenda kalale kwako.

Kukutana na mtu kupitia Tinder, Hinge au Muzz ni kawaida kule. Piga naye simu ya video kwanza. Mkutane kwenye mgahawa au mkahawa wenye watu, uende kwa usafiri wako na urudi kwa usafiri wako, na rafiki mmoja awe na jina la mtu huyo na mahali ulipo kwenye WhatsApp. Kila mtu hulipa chake mara nyingi, na ni utaratibu mzuri. Kwetu mwanamume akilipa chakula na nauli huweka hesabu kichwani, na wapo wanaodai deni hilo kitandani. Deni hilo halipo. Anayekuomba pesa kabla hamjaonana, kata mawasiliano.

Kuna hatari moja ambayo jamii zetu za ughaibuni hazipendi kuitaja. Kijana anafika, hosteli ni ghali, na "mtu wa nyumbani" anajitolea kumpa chumba. Baada ya wiki mbili anaanza kubisha hodi usiku, na msichana anajiuliza atalala wapi akikataa. Huo si uhusiano. Kukubali kwa sababu ya kuogopa kutupwa nje na mabegi kwenye baridi hakuna uhuru ndani yake, na mwenye nyumba anayedai mwili badala ya kodi anaweza kushtakiwa. Nenda kwenye ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi siku hiyohiyo. Ukisikia, "Nitakufutia viza," ujue anakutisha tu: mdhamini wa viza ya mwanafunzi ni chuo, na mpenzi au mwenyeji hana mamlaka nayo.

Wapo wanaotaka halali na hufunga nikahi msikitini, kimyakimya, mwaka wa kwanza. Nawaelewa, na nawaomba wajue mambo mawili. Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu. England, nikahi iliyofungwa huko bila taratibu za usajili wa serikali si ndoa mbele ya sheria, kwa hiyo mkiachana mwanamke hana madai ya mke mahakamani. Fungeni vyote viwili. La pili, tangu hukumu ya mwaka 1991, mume anayemlazimisha mkewe nchini humo ni mbakaji kama mwingine yeyote. Kwetu sheria bado iko nyuma katika hili, kwa hiyo waume wapya wasijidanganye kwamba mahari imemaliza kila kitu.

Picha nazo. Ushauri wangu ni kutotuma picha ya utupu yenye uso, alama ya mwili au chumba kinachotambulika, hata kwa mtu unayempenda. Kama imeshatumwa na mtu anatishia kuisambaza kwa ndugu zako, usilipe hata senti, anayelipwa hurudi. Hifadhi ujumbe wake, mfungie, kisha ripoti. Kusambaza picha kama hizo bila ridhaa, na hata kutishia tu, ni kosa la jinai kule. Huduma ya StopNCII hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hapohapo kwenye simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao inayoshirikiana nayo huitumia alama hiyo kuizuia isipandishwe. Wavulana hunaswa sana na mtego huu, na hunyamaza kwa aibu.

Sasa kliniki, na hapa ndipo naona vijana wetu wakijinyima haki waliyoilipia. Mwanafunzi wa kigeni hulipa ada ya afya pamoja na viza, pauni 776 kwa kila mwaka, na ada hiyo humfungulia huduma za NHS, mfumo wa afya wa umma. Hata asiyeilipa, vipimo na matibabu ya magonjwa ya zinaa pamoja na uzazi wa mpango ni bure. Tangu Oktoba 2012, matibabu ya VVU nchini England ni bure kwa kila mtu, awe na karatasi au hana.

Kliniki ya afya ya ngono haihitaji barua ya daktari. Unaweka nafasi kwa simu au mtandaoni, na nyingine hupokea wanaofika tu. Sehemu nyingi unaweza kuagiza kipimo cha bure kikaletwa kwa posta, ukajipima chumbani. Si lazima utoe jina lako halisi. Mzazi haambiwi, chuo hakiambiwi, mfadhili wa masomo haambiwi. Muuguzi atauliza maswali ambayo hujawahi kuulizwa na mtu mzima: mara ya mwisho ulifanya lini, na wangapi kwa miezi mitatu, wanaume, wanawake au wote, kwa njia ipi, na kondomu au bila. Usikasirike, kila aliyeketi kwenye kiti hicho huulizwa vivyo hivyo, na majibu ndiyo yanayoamua upimwe nini na sehemu gani. Msichana hupewa kijiti chenye pamba ajichukulie mwenyewe chooni. Mvulana hutoa mkojo, na ni vizuri asiwe amekojoa kwa saa moja au mbili kabla. Damu huchukuliwa kwa ajili ya VVU na kaswende. Majibu mengi huja kwa ujumbe wa simu.

Kama Kiingereza kinakukwamisha, una haki ya mkalimani bila malipo. Jamii ya Waswahili ni ndogo na wengi huogopa kwamba mkalimani atakuwa mtoto wa jirani. Omba wa kwenye simu, na waeleze kwamba hutaki mtu wa mji wako. Wasichana waliokeketwa wanaweza kumwambia muuguzi bila hofu. Zipo kliniki za kuwasaidia, na hakuna atakayewashangaa.

Pima hata kama hujisikii lolote. Klamidia ndiyo hujificha kuliko yote, maana wanawake wengi na karibu nusu ya wanaume hawaoni dalili yoyote, na isipotibiwa huweza kuharibu mirija ya uzazi. Lakini usipime asubuhi yake ukajiona umepona: klamidia na kisonono vinahitaji kama wiki mbili baada ya tukio, na kipimo cha maabara cha VVU hutoa jibu la kuaminika baada ya siku 45. Ukikutwa na ugonjwa, unapewa dawa, unaacha kujamiiana kwa muda utakaoelekezwa, na kliniki inaweza kuwajulisha wenzako bila kutaja jina lako. Hii tabia ya kwetu ya kwenda duka la dawa, kunong'ona dalili na kutoka na antibiotiki, kule haipo, kwani dukani hawauzi bila cheti. Usizibebe kutoka nyumbani pia. Kisonono kimezoea dawa nyingi, na ukikitibu kwa kubahatisha unanyamazisha dalili tu.

Anayeishi na VVU asiogope safari. Viza ya Uingereza inadai kipimo cha kifua kikuu kwa watokao Tanzania, Kenya na Uganda. Haidai cha VVU. Beba dawa za miezi michache na barua ya kliniki yako yenye majina ya dawa na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi, kisha ujisajili kliniki ya kule kabla dawa hazijafika nusu. Mwenye virusi vilivyofubazwa hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na asiye na VVU lakini yuko kwenye hatari anaweza kupewa PrEP, dawa za kujikinga, bure.

Aliyewekewa kijiti cha uzazi wa mpango nyumbani aende na kadi yake. Njiti mbili za aina ya Jadelle, zinazotumika sana kwetu, hazitumiki Uingereza. Wao huweka moja. Muuguzi akikupapasa mkono bila kadi anaweza asijue ni kitu gani na kinaisha lini. Kondomu hugawiwa bure kliniki na kwenye umoja wa wanafunzi. Usiitumie pamoja na mafuta ya nazi wala mafuta ya mgando, yanaula mpira, kondomu ikapasuka; tumia kilainishi cha maji. Na mwanamume anayekubali kondomu halafu akaivua kimyakimya ajue kwamba mahakama inaweza kuliita tendo hilo ubakaji. Vivyo hivyo kumkaba mtu koo bila ridhaa yake, jambo ambalo baadhi ya vijana wameliiga kwenye video za ngono, ni kosa linalojitegemea tangu Juni 2022, na linaweza kumjeruhi mtu ndani bila alama nje.

Mambo yakiharibika, saa ndizo zinazoamua. Kondomu imepasuka au hamkutumia: P2 ya levonorgestrel hufanya kazi hadi saa 72, ulipristal hadi saa 120, na kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Duka la dawa lolote kubwa lina vidonge hivyo, na mfamasia hana ruhusa ya kukuhubiria. Mtajie uzito wako, maana anayezidi kilo 70 huenda akahitaji dozi tofauti ya levonorgestrel. Kwa hofu ya VVU kuna PEP, vidonge vya siku 28, vinavyopaswa kuanza kabla ya saa 72, na vizuri zaidi ndani ya 24. Kliniki ikiwa imefungwa, nenda hospitali, kitengo cha dharura, utaje PEP kwa jina. Usingoje Jumatatu.

Ukilazimishwa au ukibakwa, kuna vituo maalumu vinavyoitwa SARC, vya bure, wanaume kwa wanawake. Watakutibu, watakupa vidonge hivyo vyote, na watachukua ushahidi, ambao mara nyingi hupatikana hadi siku saba. Huna lazima ya kwenda polisi. Ushahidi unaweza kuhifadhiwa ukiwa bado unafikiri. Kama unaweza, usioge na usifue, weka nguo kwenye mfuko wa karatasi. Kama umeshaoga, nenda vilevile. Chuoni nako kuna pa kushtaki: tangu tarehe 1 Agosti 2025 vyuo vya England vinabanwa na masharti ya kushughulikia unyanyasaji wa kingono, na haviruhusiwi kumfunga mwanafunzi mdomo kwa mkataba wa siri. Ikiwa mpenzi mpya anakutia wasiwasi, unaweza pia kuwauliza polisi kama ana historia ya kupiga wapenzi wake.

Kabla hujapanda ndege, mwambie mtu mmoja wa nyumbani asiyehukumu, dada, binamu, rafiki wa shule, kwamba wewe ndiye nitakayekupigia nikipata shida, saa yoyote. Wiki ya kwanza ukifika, jisajili kwa daktari wa karibu na utafute kliniki ya afya ya ngono iko mtaa gani, hata kama huna mpango wa kuihitaji. Na leo hii, andika namba hizi kwenye simu yako: 999 kwa dharura, 111 kwa ushauri wa afya wakati wowote, na 0808 500 2222 ya Rape Crisis kwa England na Wales, ambayo ni bure na hupokelewa saa 24.